Kwa nini moto hula chuma

Msikilizaji, tazama ndani ya jiko la mkaa la bati lililotumika muda mrefu. Utaona magamba meusi yanayobanduka ukiyagusa, na bati limekuwa jembamba. Hiyo ni kutu ya moto. Haihitaji maji: oksijeni iliyomo hewani huungana na chuma kilichopata joto. Chuma cha kawaida huanza kuliwa upesi joto likivuka nyuzi 550 hivi za Selsiasi, na mkaa uliokolea hupita hapo.

Ili kukikinga, viwanda huchanganya chuma na metali nyingine. Mchanganyiko huo huitwa aloi. Chuma cha pua, kwa mfano, kina kromiamu. Hiyo huungana na oksijeni kwanza, ikatengeneza utando mwembamba unaozuia hewa kupenya ndani. Lakini joto likizidi nyuzi 1,000, utando huo nao huanza kupotea kama mvuke. Ndiyo maana aloi za joto kali zaidi huongezwa alumini, ambayo utando wake huvumilia zaidi.

Nyingine huimarishwa kwa chembe ndogo sana za oksidi ya itriamu. Aloi iitwayo MA956 ina chuma, kromiamu asilimia 20, alumini asilimia 4.5 na chembe hizo asilimia 0.5. Chembe huifanya isilegee ikiwa motoni.

Hata hivyo, nguvu pekee haitoshi. Kila aloi inapopoa, husinyaa kuliko utando wake, na utando unaweza kupasuka na kubanduka. Alumini iliyobaki ndani hutengeneza mwingine. Akiba hiyo ikipungua mno, kutu huila aloi kwa kasi. Kipande chembamba kina akiba ndogo, hivyo huisha mapema.

Jiko lako la bati halina akiba ya namna hiyo, kwa hiyo lisaidie. Chagua lenye bati nene na udongo wa kuchomwa ndani, kama yale yaliyoenea Kenya tangu miaka ya 1980, kwa sababu udongo huzuia moto usiguse bati. Ukipata ufa, uzibe au ubadilishe udongo mapema. Na usizime mkaa kwa kumwagia maji jikoni: kupoa ghafla hubandua magamba, huacha chuma wazi, na huweza kupasua udongo.