Semei Kakungulu, Jemadari Aliyeujenga Mbale

Mji wa Mbale umekaa chini ya majabali ya Wanale, na aliyeuanzisha hakuwa Mzungu wala Mgisu wa mlimani. Alikuwa Mganda, Semei Kakungulu, aliyefika na bunduki, wafuasi wengi na machipukizi ya migomba.

Kakungulu aliinukia enzi za Kabaka Mwanga akiwinda tembo, akabatizwa Mprotestanti, kisha vita vya dini vikamfanya jemadari. Mengo, makao makuu ya Buganda, haikuwatosha yeye na Katikiro (waziri mkuu) Apolo Kagwa, akageukia mashariki. Mwaka 1899 alishiriki kuwakamata Mwanga na Kabalega wa Bunyoro kule Lango. Waingereza wakamwacha aitawale nchi waliyoiita Bukedi, makao yake yakiwa Budaka, naye akaamini kwamba kamishna wao, Harry Johnston, amemwahidi ufalme. Wenyeji walionja upande mwingine wa utawala huo: ng'ombe wao walitekwa, wao wenyewe wakatiwa kazi za shokoa.

Mwaka 1902 Waingereza waliichukua Budaka, wakampa maili za mraba 20 karibu na mlima Masaba. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wagisu, na wao hawakuulizwa. Kakungulu akafyeka pori, akapiga barabara pana, akapanda migomba. Wafanyabiashara walimfuata, na haikuchukua muda serikali nayo ikahamia hapo hapo. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko vita vyote alivyopigana.

Mwaka 1906 alipelekwa Jinja kuwa rais wa Lukiko, yaani baraza, la Busoga. Wasoga walikuwa na watawala wengi wasio na mkuu mmoja, na sasa waliketi baraza moja chini ya mgeni. Utawala wa Mganda uliwakera wengi, naye mwaka 1913 akaondoka. Lakini wazo la kiti kimoja halikuondoka naye: mwaka 1939 Wasoga walikuwa na Kyabazinga, mtawala mmoja wa Busoga yote, kutoka kwao wenyewe.

Alirudi Mbale na kinyongo. Alijiona ametumiwa, ufalme hakuupata, na ardhi aliyopewa ilizidi kumegwa. Akajiunga na dhehebu la Wamalaki, waliokataa dawa za hospitali na walioshika Sabato. Kila alivyosoma Agano la Kale ndivyo alivyozidi kwenda mbali nao. Inasimuliwa kwamba aliposhikilia tohara, wenzake walimwambia hayo ni mambo ya Wayahudi. Akajibu kuwa basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919, akiwa mtu mzima wa miaka hamsini hivi, alitahiriwa pamoja na wanawe. Kwa Waganda wenzake, wasiotahiri, hilo lilikuwa jambo la kushangaza, ingawa majirani zake Wagisu hutahiri vijana wao kwa sherehe ya imbalu.

Alifariki Novemba 1928. Wafuasi wake katika dini hiyo mpya, Abayudaya (yaani Wayahudi), walivumilia marufuku ya Idi Amin dhidi ya dini yao, na hadi leo wanasali katika sinagogi lao kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale.