Majina ya njia zetu njo karatasi za mashamba yetu



Tunaporudi upande wa Mbau, Oicha, Eringeti na Kamango, tunakuta pori imekula njia za miguu. Tangu mauaji ya mwezi wa kumi 2014, watoto wengi wamekomalia mjini Beni ao Butembo. Barabara kubwa ya Oicha wanaijua, lakini jina la kijito kinachotenga shamba ya babu na ya jirani, hapana.

Si mara ya kwanza majina kupotea kwetu. Kwenye karte za mwanzo wa karne ya 20, Beni iko chini, karibu na muto Semuliki. Mji wa leo uko kwingine, na kule wanaita Vieux Beni. Ugonjwa wa usingizi ulihamisha watu wengi wa bonde lile. Tena Parc Albert, iliyoanzishwa 1925, ikapanuliwa 1929 na 1935. Ilipoitwa Virunga mwaka 1969, njia ambazo wazee walipita wakibeba chumvi ya Katwe zilikuwa zimeshafungwa. Kwingine, Wabelgiji walivuta vijiji pembeni ya barabara za gari, ili watu wazitengeneze na walipe kodi. Mahali pa zamani pakabaki pori, jina likabaki kinywani mwa wazee tu.

Kwa nini tunasumbuka na majina? Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Serikali. Iliahidi kwamba amri ya raisi itapanga haki za udongo wa mila, lakini miaka zaidi ya 40 ilipita bila amri ile kutoka. Njo maana wengi wetu hatuna karatasi. Mbele ya chefu tuko na maneno tu: "kuanzia njia ya zamani mpaka kijito fulani." Kama majirani walikufa na watoto hawajui lile jina, mwenye kufika wa kwanza atavuna kakao yetu na kusema shamba ni yake.

Kwa hiyo tunaomba kila jamaa ikae na muzee wake. Andikeni jina la njia, la kijito, la kilima, la kijiji cha zamani, na nani alilima pale. Jirani wa mupaka awe pale, asikie na atie sahihi. Jina la Kinande, la Kitalinga, la Kimbuba ao la Bambuti, liandikwe vile linavyosemwa.

Kwa wafazili wetu: daftari, na tiketi ya pikipiki kwa muzee mumoja, ni bei ndogo kuliko kesi ya udongo.

Wale ambao usalama haujawaruhusu kurudi, waanze sasa. Jina la shamba linaweza kuandikwa hata kama mwenyewe angali mjini.