Nafasi za Magari za Mzazi na Mtoto: Ni Haki ya Nani?

Kwenye supamaketi za Uingereza kuna nafasi pana za kuegesha gari, zenye picha ya mzazi na mtoto. Ni za nani?

Tuanze na historia. Mwaka 1970 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya walemavu iliyoletwa na mbunge Alf Morris. Kutokana nayo, mwaka 1971 kilianza kibali cha gari cha rangi ya machungwa. Kuanzia mwaka 2000 kikawa cha buluu. Nafasi za wazazi hazikutokana na sheria hiyo. Wenye maduka waliziweka wenyewe, na hazina kibali cha serikali.

Haja yake ni upana. Nafasi ya kawaida ni kama mita 2.4, na mlango haufunguki wote kumtoa mtoto kitini. Tangu Septemba 2006, isipokuwa katika hali chache, kiti maalumu ni lazima mpaka mtoto atimize miaka 12 au sentimita 135.

Kwa hiyo tunaona haki inamfuata mtoto, si mzazi. Bibi aliyekuja na mjukuu mchanga anastahili. Baba aliyemwacha mtoto nyumbani hastahili, wala mwenye kijana wa miaka 15. Wakizijaza hao, mama mwenye kichanga atahangaika kwenye upenyo mwembamba. Tuwafundishe hivyo na vijana wetu wanaojifunza kuendesha.