Sahihi ya Dola 149: Kabla Hujamtukana Mchezaji

Wiki mbili zilizopita binamu yangu anayeishi Dallas alinitumia sauti WhatsApp akiwa amekasirika vibaya. Alikuwa amempeleka kijana wake wa miaka tisa kwenye maonyesho ya kadi za michezo, zile kadi ndogo zenye picha ya mchezaji mbele na takwimu zake nyuma. Kijana alikuwa na kadi ya mchezaji wa besiboli aliyestaafu kitambo, na mzee mwenyewe alikuwa pale, amekaa mezani na kalamu. Kusaini kadi moja: dola 149. Ukitaka aandike neno chini ya jina, labda mwaka alioshinda taji, unaongeza. Ukitaka kampuni ya pembeni ithibitishe kwamba sahihi ni halali na ibandike stika yake, unaongeza tena. Ukijumlisha yote unakaribia elfu thelathini za Kenya. Kwa jina la mtu!

Nilimjibu vile mtandao umetufundisha kujibu: huo ni wizi, hao mastaa wana tamaa. Nikaanza kutafuta habari za kutengeneza video ya kuwachoma. Video haikutoka. Imetoka hii.

Ngoja niseme kwanza kwa nini niligeuka katikati. Mwaka juzi, miezi michache baada ya kuacha chuo, duka moja la simu hapa mjini liliniita nirekodi klipu ya sekunde thelathini. Malipo yalikuwa tisheti mbili na bando ya mwezi. Sikulalamika, nilikuwa nimefurahi kuitwa. Miezi mitatu baadaye uso wangu ulikuwa kwenye bango kando ya barabara na mgongoni mwa matatu mbili. Mama akanipigia kuuliza sasa nalipwa ngapi. Nilimwambia tisheti. Akanyamaza, halafu akauliza kama nimekula.

Sasa rudi nyuma nami. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni za sigara Marekani zilikuwa zinaweka kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike. Zikachapisha picha za wachezaji juu yake, na watu wakaanza kununua pakiti wakiifuata picha. Kadi maarufu kuliko zote za enzi hiyo ni ya Honus Wagner, ya mfululizo wa 1909 hadi 1911. Ni chache sana kwa sababu Wagner alikataa picha yake iendelee kutumika. Wengine wanasema hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa ajili yake, wengine wanasema ni kwa sababu hakulipwa. Vyovyote vile, jamaa alisema hapana, na mwaka 2022 moja ya kadi hizo iliuzwa dola milioni 7.25. Mimi bango langu hata sikuulizwa.

Baada ya sigara ikaja chingamu. Na hapa ndipo niliposhtuka. Mwaka 1953 kampuni mbili za chingamu, Haelan na Topps, zilipelekana kortini New York zikigombania nani ana haki ya kutumia picha za wachezaji wa besiboli. Hakimu mmoja wa rufaa, Jerome Frank, akaamua kwamba mtu ana haki ya kumiliki thamani ya picha yake kibiashara, na akaipa haki hiyo jina lake la kisheria. Yaani hoja ya kwamba uso wako ni mali yako, ile tunayopigia kelele leo, ilipata nguvu kortini kwa sababu ya kadi za chingamu. Na wachezaji wenyewe hawakuwa upande wowote wa kesi! Walikuwa ni zile nyuso zinazogombaniwa. (Huku kwetu, mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilitoza klabu moja ya Nairobi faini ya karibu shilingi milioni 1.85 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Ningekuwa na akili wakati ule ningeenda huko na picha ya ile matatu.)

Usidhani baada ya hukumu hiyo wachezaji walitajirika. Miaka ya 60 Topps ilikuwa inamlipa mchezaji dola 125 kwa mwaka, basi, hata kadi ziuzwe mamilioni. Na mkataba wa besiboli wa wakati huo ulimfunga mchezaji kwa timu yake: timu ndiyo iliamua akae, auzwe, au aachwe. Curt Flood alikataa kuuzwa, akaenda mahakamani mwaka 1970, na 1972 akashindwa katika Mahakama Kuu ya Marekani. Mlango ulifunguka Desemba 1975 tu, na Flood alikuwa ameshaacha kucheza. Mtu mwingine wa kukumbuka ni Marvin Miller, kiongozi wa chama chao. Mwaka 1968 alibana Topps hadi ikaongeza yale malipo mara mbili na kuanza kutoa asilimia ya mauzo.

Kwa hiyo piga picha ya mchezaji aliyestaafu miaka ya 70. Magoti yameisha, mshahara wake wa enzi hizo unachekesha ukilinganisha na wa vijana wa sasa. Halafu maonyesho ya kadi yanaanza kujaa kwenye hoteli na kumbi, na anaona mtu akiuza kadi aliyoisaini bure jana nje ya uwanja. Wewe ungefanya nini? Mickey Mantle, staa wa New York Yankees, alipokuwa juu kabisa alilipwa dola 100,000 kwa mwaka. Uzeeni alitengeneza zaidi kwa kusaini jina lake kuliko alivyotengeneza kwa kucheza. Bei ya meza haikuanza kwa tamaa peke yake. Ilianza kama deni.

Tamaa ilikuja, sikatai. Hela ya maonyesho ilikuwa taslimu, na wengine wakasahau kuitaja kwa watu wa kodi. Pete Rose alifungwa miezi mitano mwaka 1990, na sehemu ya mapato aliyoficha ilikuwa ya sahihi. Mwaka 1995 Darryl Strawberry, Duke Snider na Willie McCovey nao wakakiri makosa ya namna hiyo.

Wakaja wezi wenyewe sasa. Miaka ya 90 FBI ilifuatilia mtandao wa kughushi sahihi, operesheni iliyoitwa Bullpen. Tony Gwynn wa San Diego Padres alikuta vitu vyenye sahihi yake ya uongo vikiuzwa katika duka la timu yake mwenyewe. Kulikuwa hata na mpira wa besiboli uliosainiwa na Mama Teresa. Mama Teresa, wasee! Baada ya hapo nani angeamini sahihi bila cheti? Ndiyo maana binamu yangu alidaiwa pesa ya stika. Mtoto aliyemwona mchezaji akisaini kwa macho yake mawili bado anahitaji mgeni athibitishe, la sivyo siku ya kuuza hakuna atakayemwamini.

Lakini anayepandisha bei leo si yule mzee wa mezani. Mwaka 1990 Upper Deck iliweka kadi 2,500 zilizosainiwa na Reggie Jackson ndani ya pakiti zake, na kuanzia hapo sahihi ikawa kama tikiti ya bahati nasibu. Kampuni zikaanza kununua mkono wa mchezaji kabla shabiki hajaufikia. Siku hizi mchezaji mara nyingi hupelekewa karatasi zilizojaa stika, anasaini mamia akiwa kwake, na kiwanda kinazibandika kwenye kadi baadaye. Kadi yenyewe hajawahi kuigusa. Agosti 2025 kadi moja yenye sahihi za Michael Jordan na Kobe Bryant iliuzwa dola milioni 12.9, rekodi ya kadi zote za michezo. Bei kama hizo zikitangazwa, kila anayeshika foleni anaanza kuonekana mfanyabiashara, hata akiwa na miaka tisa.

Nilimpigia binamu nikamweleza haya yote. Hakukubali, alisema deni la Topps halikupaswa kulipwa na mtoto wake. Hapo sikuwa na jibu. Hawakulipa. Kadi iko ndani ya plastiki, haijasainiwa, na wanapanga kuituma kwa posta pamoja na bahasha yenye stempu ya kurudishia, kwa sababu wapo wazee ambao bado wanasaini hivyo bila kudai kitu.

Kijana akachukua simu. "Anko, wewe kusaini ni pesa ngapi?"

Nikamwambia mimi ni bure.

Akafikiria kidogo. "Kwani unacheza nini?"