Mbwa, Matatu na Baiskeli Yangu

Nikitoka Kisii kwenda Nyamira kwa baiskeli, mbwa alinirukia kwenye mteremko. Nikakwepa hadi katikati ya lami. Matatu ikapiga honi, nusura inibebe. Nikashuka, nikaweka baiskeli kati yangu na mbwa. Akatulia.

Watu wa boda stejini wakacheka: "Buda, bado unakanyaga hiyo kitu?"

Kumbe jina lao lilianza na hiyo kitu. Miaka ya 1960, huko Busia, vijana walivusha abiria na magendo mpakani kwa baiskeli, wakiita "boda, boda!" Pikipiki zilijaa baada ya serikali kuziondolea kodi zile ndogo, 2008. Milima hii ikapata injini. Sisi wa kukanyaga tukasukumwa ukingoni, na huko ndiko mbwa hulala.