Dhahabu ya Namoya ina umri mkubwa kuliko Dunia

Shuka hadi kijitoni karibu na Salamabila, jirani na Namoya, teritware ya Kabambare mashariki mwa Kongo, umtazame mchimbaji akizungusha karai. Kwanza hutoka tope jekundu, halafu changarawe, halafu mchanga mweusi mzito. Mkono unapunguza mwendo. Chini kabisa hubaki chembe ya manjano, ndogo kuliko ufuta, na wote walio ukingoni huinama kuitazama.

Historia ya dhahabu hii kwa kawaida huanzia enzi za Wabelgiji, waliochimba Namoya hadi 1961, kwenye vilima kama Mwendamboko. Kabla yao misafara ilipita Kabambare kwenda Kasongo kwa mfanyabiashara Tippu Tip, na macho ya wasafiri yalikuwa kwenye pembe za ndovu. Msafiri Livingstone alikaa Kabambare mwaka 1870, vidonda vya miguu vikimzuia kuendelea na safari. Mwishoni mwa 2013 kampuni ya Kanada, Banro, ilianza kutoa dhahabu Namoya. Simulizi hilo ni la kweli, ila limeruka sura ya kwanza, nayo ndiyo ndefu kupita zote.

Dhahabu yenyewe ndiyo iliyowafungulia wanasayansi mlango wa sura hiyo. Mwaka 1909, mjini Manchester, Geiger na Marsden walirusha vijichembe kwenye karatasi ya dhahabu. Walichagua dhahabu kwa sababu hufulika ikawa nyembamba ajabu bila kupasuka. Vijichembe karibu vyote vilipenya. Vichache mno vilirudi nyuma, kana kwamba vimegonga mwamba. Mwalimu wao, Rutherford, alieleza sababu mwaka 1911: ndani ya kila atomu mna kiini kidogo, kigumu, chenye karibu uzito wote.

Baadaye ikajulikana kwamba kiini cha dhahabu kina protoni 79. Hesabu hiyo ndiyo dhahabu. Wachimbaji wengine hutia zebaki kwenye karai ili inase vumbi la manjano, na zebaki ina protoni 80. Metali mbili zinakumbatiana kwenye kiganja cha mtu, moja inang'aa kwa fedha na nyingine kwa manjano, na kinachozitenga ni protoni moja! Lakini hakuna moto wa mhunzi unaoweza kuing'oa protoni hiyo. Hata Jua haliwezi kupika dhahabu.

Basi ilipikwa wapi? Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO nchini Marekani na Virgo nchini Italia ilinasa mtikisiko wa anga uliosafiri kwa miaka milioni 130 hivi. Nyota mbili za nyutroni, mizoga ya nyota kubwa, zilikuwa zimegongana. Kila moja ilikuwa na uzito unaozidi wa Jua, na upana wa kilomita 20 tu au zaidi kidogo: ungeweza kuizunguka kwa baiskeli siku moja. Darubini zilipogeuzwa huko, mwanga ulionyesha kwamba metali nzito zilikuwa zinazaliwa. Wataalamu bado wanabishana kama migongano ya namna hiyo inatosha kueleza dhahabu yote iliyopo, au kuna majiko mengine. Wanakubaliana kwamba ya kwetu ilikuwako kabla ya Dunia kuumbika, zaidi ya miaka bilioni 4.5 iliyopita. Baadaye sana, maji ya moto yaliipandisha kwenye nyufa za miamba ya Namoya na kuiacha ndani ya mawe meupe ya kwatsi.

Binadamu naye amejaribu. Kwenye mtambo wa maabara ya fizikia ya CERN, pete ya kilomita 27 mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, viini vya risasi, vyenye protoni 82, hupishana kwa karibu mno, na baadhi hupoteza protoni tatu. Kati ya 2015 na 2018 vilipatikana kwa njia hiyo viini bilioni 86 vya dhahabu, kila kimoja kikidumu chini ya kufumba na kufumbua. Vyote kwa pamoja havifiki hata sehemu moja ya bilioni kumi ya gramu. Mizani ya wanunuzi wa vijijini, inayopima kwa vijiti vya kibiriti, isingetikisika.