Kabla ya Kushika Bisibisi

Mwezi wa nne mwaka jana nilikuwa kwa mjomba, Moiben, kule Uasin Gishu. Mvua ilikuwa imeanza na kila mtu alikuwa mbioni kupanda mahindi. Asubuhi hiyo trekta yake, Massey Ferguson 135 iliyomzidi mamangu umri, ikakataa kuwaka. Mjomba anageuza ufunguo: tak. Sauti moja tu, halafu kimya.

Jirani mmoja kijana, mtu wa bodaboda anayejua kutengeneza karibu kila kitu, akachomoa bisibisi mfukoni, akaenda kusimama kati ya magurudumu, mbele ya lile kubwa la nyuma. Alitaka kuunganisha vichwa viwili vya stata moja kwa moja ili umeme upite bila kuuliza ruhusa ya ufunguo. Babu alikuwa ameketi kando na kikombe cha chai. Akapiga kelele ambayo sijawahi kumsikia akipiga.

"Toka hapo! Toka kwanza, kijana, ndio tuongee!"

Babu huchechemea. Tumekua tukimwona hivyo na hatukuwahi kuuliza. Siku hiyo nilielewa, na tangu hapo nimekuwa nikisoma historia ya kitu ambacho sikudhani kina historia: namna trekta inavyowashwa.

Mwanzoni iliwashwa kwa mkono. Fordson, trekta ya Henry Ford iliyoanza kuuzwa 1917, ilikuwa na hendeli ya chuma kwa mbele. Unainama, unaishika, unazungusha injini kwa nguvu zako mwenyewe. Mafuta yakilipuka kabla ya wakati wake, hendeli inarudi nyuma ghafla, na mkono au kifundo kinavunjika. Ndiyo maana wazee walifundishwa kutozungushia kidole gumba kwenye hendeli. Kilale upande mmoja na vidole vingine, ili ikirudi iponyoke. Na kulikuwa na njia za ajabu zaidi. Field Marshall ya Waingereza, trekta ya silinda moja, ungeweza kuiwasha kwa risasi inayofanana na ya bunduki ya kuwindia ndege. Unaiweka mahali pake, unaigonga, bum, injini inaamka.

Aliyebadilisha mambo ni Mmarekani, Charles Kettering. Kabla ya kuingia kwenye magari alikuwa ametengeneza mota ndogo ya umeme ya kuendeshea mashine za kuhesabia pesa madukani. Wahandisi wengi waliamini kwamba mota ya kuwashia injini ingelazimika kuwa kubwa mno. Kettering akaona kwamba haihitaji kufanya kazi siku nzima. Inahitaji nguvu nyingi kwa sekunde chache tu, halafu ipumzike. Cadillac za mwaka 1912 zikatoka na stata yake, na polepole teknolojia hiyo ikafika shambani.

Lakini stata ilileta hatari mpya. Ukiwa na hendeli, ungalau unajua mwili wako uko wapi. Stata inaamka kwa mguso mdogo, na kama gia imeingia, trekta nzima inaruka mbele. Harry Ferguson, mwana wa mkulima kutoka kaskazini mwa Ireland, alikuwa na jibu zuri. Kwenye trekta yake ndogo ya kijivu, TE20, hukuwa na kitufe cha kuwashia. Uliwasha kwa mti wenyewe wa gia: unausukuma hadi kwenye herufi S. Mti mmoja hauwezi kuwa mahali pawili, kwa hivyo trekta haiwezi kuwashwa ikiwa ndani ya gia. Zaidi ya 500,000 zilitengenezwa mjini Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956. Ndizo alizotumia Edmund Hillary kufika Ncha ya Kusini Januari 1958. Wazo hilo likarithiwa na Massey Ferguson zilizofuata: kwenye 135 kuna swichi ndogo juu ya gia boksi, na lazima mti wa spidi ya juu na ya chini uwe katikati ndipo umeme upite kwenda kwa stata.

Babu alijifunzia kazi kwenye Ferguson ya kijivu, kwenye shamba la mzungu, enzi ambazo nyanda za juu zilikuwa zimetengewa wazungu kisheria. "Kitabu cha trekta kilikaa nyumba kubwa," aliniambia, "na kilikuwa kwa Kiingereza. Sisi tulisoma kwa masikio."

Na masikio yake bado yanasoma. Alimwambia mjomba awashe taa za mbele, halafu ageuze ufunguo tena. Tak, na taa zikazimika kabisa. Alipoachilia ufunguo, zikarudi.

"Umesikia? Umeona?" akaniuliza, kama mwalimu.

Alinieleza hivi. Tak-tak-tak ya haraka haraka, hiyo ni betri iliyochoka. Taa zikibaki kali na husikii chochote, umeme haufiki kwa solenoidi. Tafuta kwenye ufunguo, nyaya nyembamba, na ile swichi ya gia. Tak moja na taa kali, shaka iende kwa solenoidi au stata yenyewe. Lakini tak moja na taa kufa kabisa, wakati betri imetoka kuchajiwa jana, hiyo ni njia iliyoziba. Taa inakunywa ampea chache. Stata ya dizeli inataka mamia. Muunganisho mbovu unaweza kupitisha kikombe cha maji, ukashindwa kupitisha mto.

Tukaufuata waya mnene wa ethi kutoka kwenye betri hadi pale unapofungwa kwenye chuma cha trekta. Boliti ilikuwa imelegea, na chini yake kutu tupu. Kijana wa bodaboda akaufungua, akasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, akakaza kwa spana. Mjomba akageuza ufunguo. Ikawaka mara moja.

Kwa hivyo bisibisi isingesaidia kitu. Umeme wa stata ungelazimika kupita kwenye ethi ile ile yenye kutu.

Tulidhani mambo yameisha. Babu akasema, "Zima." Akamwonyesha kijana nyaya mbili nyembamba zinazoelekea kwenye gia boksi. Hazikufika kwenye swichi. Zilikuwa zimesokotwa pamoja na kufungwa selotepu nyeusi, kuukuu, yenye vumbi la miaka. Mjomba akaangalia chini. Swichi iliharibika zamani, akasema, na msimu ulikuwa umewadia.

Hapo ndipo Babu alipotueleza kuhusu mguu wake. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya Nyayo, kwenye shamba alilokuwa ameajiriwa. Swichi ilikuwa imekufa, na msimamizi hakutaka kusikia habari ya spea. Mvua inanyesha, watu wako kwenye mistari, washa. Babu akasimama pale pale alipokuwa amesimama yule kijana, akagusisha bisibisi. Hakujua dereva aliyemtangulia alikuwa ameiacha kwenye gia. Dizeli iliwaka papo hapo na gurudumu la nyuma likampanda mguu.

"Udongo ulikuwa umelimwa, ulikuwa laini," alisema. "Ingekuwa barabarani, hamngekuwa na babu."

Hakulipwa fidia. Aliporudi baada ya miezi, trekta ilikuwa bado inawashwa kwa bisibisi, na mtu mwingine.

Hilo ndilo linalonisumbua. Kule Coventry watu walikuwa wamelifikiria tatizo hili na kulimaliza, na jibu lilikuja hadi Uasin Gishu likiwa ndani ya chuma. Kilichokosekana ni bei ya swichi moja, na mtu mwenye amri ya kusema leo hatulimi.

Siku ile, mtu huyo alikuwa Babu. Mjomba alinung'unika, akatazama mawingu, halafu akapanda bodaboda ya yule kijana hadi Eldoret kutafuta swichi. Tulipanda kesho yake, tukiwa tumechelewa siku moja.

Mahindi yaliota vizuri tu.